Wahakiki na Riwaya za Mapenzi: Kutoka Pamela (1740) hadi Wasomaji wa Smithton

Neno romance, ambalo Waingereza hulitumia kuitaja hadithi ya mapenzi, halikuanza kuwa jina la hadithi. Lilianza kuwa jina la lugha. Wafaransa wa karne ya 12 waliita romanz ile lugha ya watu wote iliyozaliwa na Kilatini, ili kuitenga na Kilatini chenyewe, ambacho kilikuwa lugha ya kanisa, ya sheria na ya wanazuoni. Hadithi zilizotungwa kwa lugha hiyo zikaitwa kwa jina lake, na kwa kuwa nyingi zilisimulia habari za mashujaa na wapenzi wao, jina likahama polepole katika lugha likatua katika hadithi. Basi aina hii ya kitabu ilirithi mambo mawili pamoja: jina la lugha ya watu wa kawaida, na cheo cha lugha hiyo machoni pa wenye elimu.

Cheo hicho hakikuinuka kwa urahisi. Tangu waandishi wa Uingereza walipoanza kutoa riwaya za mapenzi kwa wingi, katikati ya karne ya 18, walitokea pia watu ambao kazi yao ilikuwa kuzisoma mara zitokapo na kuwaambia wengine kama zafaa au hazifai. Maandishi ya watu hao yanastahili kusomwa upya, si kwa sababu hukumu zao zilikuwa za haki, maana nyingi hazikuwa, bali kwa sababu yanaonyesha hatari impatayo kila mhakiki wa riwaya mpya: ni rahisi mtu kudhani kwamba anahukumu kitabu, kumbe anamhukumu aliyekishika mkononi.

Katika Kiswahili kuhakiki ni neno zito. Asili yake ya Kiarabu ni ile ile iliyozaa haki na hakika. Ahakikiye jambo hulitafutia ukweli wake. Neno la Kiingereza lifanyalo kazi hiyo ni jepesi zaidi, kwani maana yake ya asili ni kuangalia mara ya pili. Tofauti hii yafaa iwekwe akilini, kwa maana wengi wa wahakiki watakaotajwa hapa hawakuangalia mara ya pili, na baadhi yao, kwa dalili zilizomo katika maandishi yao, hawakuangalia vema hata mara ya kwanza.

Samuel Richardson alikuwa mpiga chapa wa London mwenye umri wa miaka hamsini, asiyejulikana kwa utunzi, wakati wauza vitabu wawili walipomwomba atunge kitabu cha mifano ya barua kwa ajili ya watu wasio na mazoea ya kuandika. Alipofika katika barua za wazazi wanaomwonya binti yao, mtumishi wa nyumbani, juu ya vishawishi vya bwana wake, aliiweka kando kazi aliyoombwa akaandika riwaya nzima kwa muda wa miezi miwili hivi. Pamela ilitoka mwezi wa Novemba 1740. Ni hadithi ya kijakazi wa miaka 15 anayezikataa hila zote za bwana wake, mpaka bwana mwenyewe, akiisha kuzisoma barua za binti huyo, anageuka moyo na kumwoa. Msomaji wa kwanza wa Pamela, basi, yumo ndani ya kitabu, na ni mwanamume. Naye kwa kusoma anatengenea.

Kitabu kilichapwa tena na tena mwaka wa 1741, na mwaka huo huo kikatafsiriwa kwa Kifaransa. Mhakiki wake mkali kuliko wote hakuandika uhakiki. Aliandika hadithi nyingine. Aprili 1741 kilitoka kijitabu kiitwacho Shamela, chenye jina la bandia la mwandishi, ambacho wataalamu wanakubaliana kuwa ni cha Henry Fielding. Humo binti yule yule, kwa barua za namna ile ile, ni mlaghai anayemtega bwana wake kwa kujidai mwema. Ubishi uliofuata haukuwa juu ya ufundi wa riwaya. Watu waligombania swali moja: je, maneno ya kijakazi yaaminiwe au yasiaminiwe?

Kwa mtaalamu wa lugha liko jambo jingine ambalo lina thamani kubwa zaidi. Pamela wa toleo la kwanza husema kama mtumishi wa mashambani, kwa maneno ya jikoni na misemo ya nyumbani kwao. Wasomaji wa tabaka la juu walilalamika kwamba msichana atakayekuwa bibi mkubwa hawezi kusema hivyo, na Richardson akasikia. Katika matoleo yaliyofuata, na hata katika masahihisho yaliyotolewa baada ya kifo chake, lugha ya Pamela iliendelea kusafishwa na kupandishwa daraja. Hivyo alama ya kwanza ambayo wahakiki waliiacha katika riwaya ya mapenzi ya Kiingereza ni alama ya lugha: walimfundisha kijakazi kusema kama wao. Yeyote aliyepata kumwona mhariri akilinyoosha Kiswahili cha mtu wa Pemba au wa Lamu mpaka kisibaki na harufu ya kwao atalijua jambo hili bila kuelezwa.

Uhakiki kama kazi ya mshahara ulianza miaka tisa baada ya Pamela. Mwaka wa 1749 Ralph Griffiths, muuza vitabu wa London, alianzisha jarida la Monthly Review, na mwaka wa 1756 likazuka jarida la kushindana nalo, Critical Review, ambalo Tobias Smollett alikuwa mhariri wake. Majarida hayo yalikusudia kutaja kila kitabu kipya. Vitabu vikubwa vya historia, vya dini na vya safari vilipewa kurasa nyingi. Riwaya, isipokuwa chache, zilisukumwa nyuma katika orodha ya mwezi, kila moja na mistari michache yake. Wahakiki hawakutia majina yao. Katika mistari hiyo michache nafasi ya kueleza haikuwapo, ila nafasi ya kudharau haikukosekana, na mtindo wa kejeli fupi uliozaliwa hapo ukazoeleka hata ukaonekana kuwa ndio namna ya pekee ya kuitaja riwaya ya mapenzi.

Wakati huo huo zilienea maktaba za kukodisha vitabu. Mtu alilipa ada, akachukua kitabu, akakirudisha, akachukua kingine. Riwaya ambayo bei yake ilimshinda fundi au binti wa mwenye duka sasa ilimfikia nyumbani. William Lane, mwenye Minerva Press ya London, alipata utajiri katika miaka ya 1790 kwa kuchapisha riwaya na kuziuzia maktaba za namna hiyo. Ndipo hofu ilipopanda. Mchungaji James Fordyce, katika mahubiri yake kwa wanawake vijana yaliyochapishwa mwaka wa 1766, alizilaani karibu riwaya zote, na wengi walimfuata. Tamathali zao zilikuwa zile zile: riwaya ni sumu, ni kileo, ni ugonjwa wa kuambukiza. Inafaa kuona tamathali hizi zinafanya nini. Sumu haihojiani na anayeinywa. Ukisema kitabu ni sumu umekwisha kusema kwamba msomaji ni tumbo tu, na hakuna haja ya kumwuliza tumbo ameelewa nini.

Na msomaji huyo, kila alipotajwa, alikuwa msichana. Kwa muda mrefu wanahistoria walilikubali neno hili la wahakiki kana kwamba ni ushahidi. Lakini Jan Fergus, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wasomaji wa mikoani, alizipekua daftari za hesabu za ukoo mmoja wa wauza vitabu, akina Clay, waliokuwa na maduka Daventry na miji ya jirani, akakuta kwamba wanaume, pamoja na wavulana wa shule, walikuwa wengi miongoni mwa wanunuzi na waazimaji wa riwaya. Daftari la mwenye duka halina dharau wala huruma. Limeandika jina na bei. Laiti wahakiki wa London wangepanda gari la farasi wakaenda kuuliza Daventry, maneno mengi yasingeandikwa.

Mmoja wa wahakiki wasio na jina wa zama hizo alikuwa mwanamke. Mary Wollstonecraft aliandika kwa mshahara katika Analytical Review, jarida lililoanzishwa mwaka wa 1788 na mchapishaji wake Joseph Johnson pamoja na Thomas Christie, na sehemu kubwa ya mzigo wake ilikuwa riwaya. Mwaka huo huo ilitoka Emmeline ya Charlotte Smith. Habari za Smith zilijulikana. Aliozwa kabla hajatimiza miaka 16. Mumewe alifungwa kwa madeni mwaka wa 1783, naye akakaa gerezani pamoja naye kwa miezi kadhaa. Alizaa watoto 12, na mwaka wa 1787 akamwacha mume huyo akaanza kulisha watoto kwa kalamu, ingawa sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimpa mume haki juu ya fedha za mkewe. Kila riwaya yake ilikuwa karo na kodi ya nyumba.

Uhakiki wa Emmeline unaohesabiwa kuwa wa Wollstonecraft ulisifu namna mwandishi anavyoeleza mandhari, kisha ukaikemea hadithi: matumaini ya uongo yanayoamshwa na visa kama hivyo, alisema, huharibu akili za vijana na kuyafanya maisha ya kawaida yaonekane chapwa. Hapa hukumu ni ngumu kuipima. Wollstonecraft hakuwa mhubiri wa kiume anayeogopa wasichana wasije wakafumbuka macho. Alikuwa mwalimu wa zamani aliyetaka wafumbuke zaidi. Katika kitabu chake cha haki za wanawake cha mwaka 1792 alizilaumu tena riwaya za mapenzi, lakini akaongeza neno ambalo hao wengine hawakulisema: kwamba kusoma hata kitabu cha namna hiyo ni afadhali kuliko kutosoma kabisa. Naye mwenyewe alitunga riwaya mbili, ya pili ikitolewa baada ya kifo chake, mwaka 1798. Aliona ubaya uliokuwamo katika ndoa za Uingereza waziwazi kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Asichokiona ni kwamba Charlotte Smith, katika kitabu alichokikemea, alikuwa akiueleza ubaya huo huo kwa njia nyingine. Mhakiki mwenye nia njema naye aweza kuwa na haraka.

Jibu la waandishi lilichelewa kwa sababu za biashara. Mwaka wa 1803 Jane Austen aliuza mswada kwa mchapishaji mmoja wa London kwa paundi 10; mchapishaji akaulaza katika sanduku miaka 13, mpaka ndugu yake Jane alipokwenda kuununua tena kwa bei ile ile. Kitabu hicho, Northanger Abbey, kilitoka Desemba 1817, miezi mitano baada ya kifo cha mwandishi. Katika sura ya tano Austen anaisimamisha hadithi na kuitetea riwaya kwa uwazi. Anawaachia wahakiki waendelee na kejeli zao, na anawalaumu waandishi wa riwaya wanaomwonea haya shujaa wao wa kike akionekana na riwaya mkononi. Utetezi wake haukuishia hapo. Katika Pride and Prejudice, iliyotoka mwaka 1813, yumo kasisi Collins anayeruka nyuma aonapo riwaya. Badala yake anachagua mahubiri ya Fordyce na kuwasomea mabinti wa nyumba, na kabla hajamaliza kurasa tatu mmoja wao anamkatiza kwa soga za mjini. Hiyo ndiyo hatima ya mahubiri ya mwaka 1766, na haikuhitaji uhakiki.

Kisa cha Emma kinaonyesha upande mwingine. Riwaya hiyo ilitoka Desemba 1815 bila jina la Austen, na mchapishaji wake, John Murray, alikuwa pia mwenye jarida kubwa la Quarterly Review. Murray alimwomba Walter Scott aihakiki. Makala ikatoka bila jina katika toleo lenye tarehe ya Oktoba 1815, ambalo kwa kweli lilitoka Machi 1816. Naye Scott wakati huo alikuwa akitoa riwaya zake mwenyewe bila jina tangu Waverley ya mwaka 1814. Mhakiki asiye na jina alimsifu mtunzi asiye na jina kwa ombi la mfanyabiashara aliyewalipa wote wawili. Mtu angetarajia uchafu mtupu. Kumbe makala ile ni miongoni mwa zilizo bora za karne yake. Scott alikuwa wa kwanza kueleza kwa kirefu kwamba imezaliwa riwaya ya aina mpya, isiyotegemea utekaji nyara wala majumba yenye mizimu, bali mambo ya kila siku yaliyotazamwa kwa jicho kali. Mwishoni akalalamika kidogo: waandishi wapya wanawafundisha vijana kuoa kwa hesabu, na mapenzi, ambayo huenda humfanya kijana kuwa bora kuliko alivyo, yanafukuzwa katika riwaya. Baada ya miaka 75 ya wahakiki waliolia kwamba mapenzi yamezidi, huyu alilia kwamba yamepungua. Alikuwa mwenye kutunga kama anavyohakiki, na alizipenda hadithi za mapenzi bila kuona haya.

Kutotia jina kulikuwa na madhara pia. Jane Eyre ilitoka Oktoba 1847 kwa jina la Currer Bell, na London nzima ikauliza kama Bell ni mwanamume au mwanamke. Desemba 1848 Elizabeth Rigby, bila kutaja jina lake, aliihukumu katika Quarterly Review pamoja na kitabu cha Thackeray. Alikiri kwamba kitabu kina nguvu. Kisha akasema kwamba kikiwa kimeandikwa na mwanamke, basi ni mwanamke ambaye kwa sababu ya kutosha amekosa kukubalika miongoni mwa wanawake wenzake. Neno hilo halikuwa juu ya kitabu. Charlotte Brontë alilisoma katika majira ambayo alikuwa amempoteza kaka yake mwezi wa Septemba na mdogo wake Emily tarehe 19 Desemba. Aliandika jibu ili liwe dibaji ya riwaya yake iliyofuata, Shirley. Wachapishaji wake wakakataa kulichapa.

Makala iliyosomwa kuliko zote katika mlolongo huu ni ile ya Westminster Review ya Oktoba 1856 juu ya riwaya za kipumbavu za mabibi. Haikutiwa jina, mwandishi alikuwa Marian Evans, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la George Eliot. Alizigawa riwaya hizo katika jamii, kama mtaalamu wa mimea agawavyo majani: ziko za mavazi na akili nyingi, ziko za kutoa maono ya falsafa, ziko za makasisi wa kiinjili, ziko za kale za kubuni. Anamchora shujaa wa kike wa kawaida: tajiri, mzuri, ana sauti ya kuimba, anajua lugha nyingi zikiwamo za kale, na wanaume wote wanamwangukia. Makala inachekesha hata leo. Lakini chini ya kicheko mna mambo mawili ya uzito. La kwanza ni kwamba Eliot alisoma. Anasimulia visa, anaonyesha mahali sentensi inapovimba, anaeleza kwa nini binti wa kijijini hawezi kusema kama profesa. La pili ni shutuma kwa wahakiki wenzake: wanamsifu mwanamke anapoandika vibaya, kwa kumhurumia, na wanapoa kadiri anavyozidi kuandika vizuri, anawataja Harriet Martineau, Currer Bell na Bibi Gaskell kuwa waliotendewa hivyo. Mwezi uliotangulia, Septemba 1856, alikuwa ameanza kuandika hadithi yake ya kwanza. Makala ile ni ya mtu anayefagia uwanja kabla ya kujenga.

Hata hivyo, Eliot naye hakumwuliza msomaji. Alitaka kujua nani ameandika vitabu vile na kwa nini. Nani amevisoma na kwa faida gani, hilo halikumshughulisha.

Nusu ya pili ya karne ya 19 inaweza kupitwa upesi. Maktaba ya Charles Mudie, iliyofunguliwa mwaka 1842, ilitoza paundi moja na shilingi moja kwa mwaka, na ilikuwa na nguvu kuliko jarida lolote: kitabu ambacho Mudie alikikataa kilikuwa kimehakikiwa tayari. Riwaya za juzuu tatu, zilizouzwa shilingi 31 na nusu na hivyo zisizonunuliwa na mtu wa kawaida, zilidumu kwa ajili ya maktaba hizo mpaka mwaka 1894.

Karne ya 20 ilileta utengano kamili. Gerald Mills na Charles Boon walianzisha kampuni yao London mwaka wa 1908, wakichapisha vitabu vya kila namna; kufikia miaka ya 1930 Mills & Boon ilikuwa imeegemea riwaya za mapenzi, zenye majalada ya rangi ya udongo, zilizokwenda moja kwa moja katika maktaba ndogo za kukodisha za madukani. Magazeti yenye heshima hayakuzihakiki, wala kampuni haikuhitaji yazihakiki. Q. D. Leavis, katika utafiti wake wa Cambridge uliotolewa kwa jina la Fiction and the Reading Public mwaka 1932, alitaka kujua kwa nini vitabu vya namna hii vinapendwa. Kwa bidii yake yote aliwapelekea maswali watunzi wa riwaya zinazouzwa sana. Wasomaji hawakupelekewa karatasi, na katika hukumu yake kile kileo cha karne ya 18 kinarudi, safari hii kikivaa joho la chuo kikuu.

George Orwell alikuwa karibu zaidi na ukweli kwa sababu alisimama dukani. Katika miaka ya 1934 hadi 1936 alifanya kazi katika duka la vitabu la Hampstead lililokuwa na maktaba ya kukodisha ya vitabu mia tano au sita, vyote hadithi, na mwaka 1936 akaeleza aliyoyaona: watu husema wanapenda kitabu fulani, na daftari la maktaba lasema wanachukua kingine. Mwaka huo huo, katika makala ya kuitetea riwaya, aliwashambulia wahakiki wa magazeti waliosifu kila kitabu kwa maneno makubwa kwa sababu matangazo ya wachapishaji ndiyo yaliyolisha gazeti. Alitoa shauri ambalo halikusikilizwa: kila riwaya ipimwe kwa daraja lake na aina yake, na kazi hiyo wapewe watu wanaoipenda aina hiyo, hata kama si mabingwa wa kalamu.

Shauri hilo lilitimizwa, miaka 44 baadaye, na mtu ambaye yumkini hakuwa na habari nalo. Biashara ilikuwa imevuka bahari. Harlequin, iliyoanzishwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, ilianza kuchapa upya vitabu vya Mills & Boon mwaka 1957 na ikainunua kampuni hiyo mwaka 1971. Mwaka 1972 Avon ya New York ilitoa The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss, riwaya nene iliyotoka moja kwa moja katika jalada la karatasi. Na kwa kuwa magazeti makubwa hayakuwa na desturi ya kuhakiki vitabu vya jalada hilo, wimbi zima la riwaya za mapenzi la miaka hiyo lilipita bila kuangaliwa. Wanawake walikuwa wanatoa fedha zao kwa kubahatisha. Aprili 1980, katika mji mmoja wa katikati ya Marekani, mwuzaji katika duka la vitabu alianza kutoa kijarida cha kuwaeleza wateja wake riwaya mpya za mwezi: ipi njema, ipi ya wastani, ipi ya kuacha. Wachapishaji wa New York walikuja kumpelekea vitabu kabla havijatoka.

Janice Radway, mtaalamu wa masomo ya Marekani, alimfuata mama huyo na wateja wake mwaka 1980, akawapa wanawake 42 maswali ya kuandika na kuzungumza na baadhi yao kwa saa nyingi. Kitabu chake, Reading the Romance, kilitoka mwaka 1984. Mji aliuita Smithton na mwuzaji Dorothy Evans, majina yote mawili ya kubuni. Aliyoyakuta hayakufanana na msomaji wa Fordyce. Wanawake wale walikuwa wakali. Walijua riwaya mbaya na waliweza kusema ubaya wake: shujaa wa kiume mwenye kupiga au kumwingilia mwanamke kwa nguvu walimkataa, na wengine walisoma kurasa za mwisho kwanza kabla ya kutoa fedha, wahakikishe kwamba hawatalizwa. Walipoulizwa kwa nini wanasoma, hawakuanza na hadithi. Walianza na kitendo chenyewe: kwamba ndiyo saa pekee katika siku ambayo mume na watoto wanajua mama asisumbuliwe.

Radway mwenyewe hakukubaliana nao katika yote. Alihitimisha kwamba vitabu hivyo, kwa kumliwaza mwanamke, humrudisha katika hali ile ile iliyomchosha. Lakini katika dibaji mpya ya mwaka 1991 alirudi kuukosoa utafiti wake, akisema alikuwa ametia umbali mkubwa mno baina ya yeye mtaalamu na wao wasomaji. Tangu Monthly Review ya 1749 mpaka hapo ni miaka 242, na ni vigumu kumtaja mhakiki mwingine wa riwaya za mapenzi aliyejirudi hadharani namna hiyo.

Habari hizi za ugenini zinagusa Kiswahili mahali pawili angalau. Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilitoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, hadithi ya binti wa Ukerewe anayepigwa na baba yake kwa ajili ya barua ya mvulana, na ambaye ukali huo wa nyumbani haumkingi na dunia bali unamtupa ndani yake. Si riwaya ya mapenzi kwa maana ya Mills & Boon; mwisho wake ni kifo. Lakini ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa ajili ya wasichana wale wale wa Fordyce, ambao safari hii pia hawakuulizwa. Kitabu kilichosema kwamba kumzuilia binti barua hakumwokoi, kikazuiliwa mabinti.

Mahali pa pili ni katika istilahi. Riwaya fupi za mapenzi na za upelelezi zilizouzwa kando ya njia za Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ya 1970 na 1980 zimepewa na wataalamu jina la riwaya pendwa, na jina hilo limeingia katika mitaala. Kwa sarufi ni neno la kutendwa lisilo na mtenda: zimependwa, na aliyezipenda ameachwa nje. Mtenda huyo bado yupo. Aliyekuwa na miaka 16 Rosa Mistika ilipotoka sasa amefika au amepita miaka 70. Anaishi Ilala au Mwanza au Mombasa, anakumbuka kitabu alichokificha chini ya godoro na aliyemwazima, na anaweza kueleza kwa Kiswahili chake mwenyewe alikipendea nini.